Nilichomwambia Mkuu wa Kituo

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Shirika dogo la kijamii pale Machakos mjini lilikuwa likitafuta mtu anayekijua Kikamba na Kiswahili sawasawa, nami nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka miwili bila cheti, nikaachishwa walipoletwa walimu wenye vyeti. Ofisi ya shirika ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kiislamu. Kila adhuhuri harufu ya viungo vyao ilipanda ngazi ikatukuta tukichapa ripoti, na mimi sikuweza tena kukaa kitini. Nilitoka nikazunguka hadi posta na kurudi. Nilikuwa mtu wa kuzunguka tangu utotoni. Mama alisema nilizaliwa na haraka, ila sikuambiwa ya kwenda wapi.

Serikali mpya ilikuwa imeingia, na watu walitaka kila kitu kiwe kipya pamoja nayo, hata polisi. Mradi wetu ulikuwa kuwakalisha askari na wananchi chumba kimoja kila mwezi, waambiane yaliyo moyoni. Mratibu wetu, mwalimu mkuu mstaafu mwenye sauti ya upole, alikuwa amemaliza miezi mitano akimbembeleza mkuu wa kituo kimoja cha polisi huko nyanda kavu, ukishapita Mwala, akubali kuja. Kituo chenyewe sitakitaja. Mkuu wake alikuwa mtu wa Pwani, ndiyo kwanza amehamishiwa kwetu, na Kikamba hakujua hata salamu. Wazee wa kule nao, hasa kina mama, Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni: habari, bei gani, punguza, kwaheri. Katikati yao ndipo nilipowekwa mimi.

Kuna jambo la nyumbani kwetu ambalo lazima niliseme kwanza. Mama yangu alipika kaluvu, pombe yetu ya kienyeji. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la tano, askari walikuwa wakitujia mchana kweupe, watatu au wanne, wakimwaga mitungi na kupindua vitanda. Mama hakujua Kiswahili, na mdomo wake haukuwa na breki. "Mbwa hizi zimerudi," alisema siku moja kwa Kikamba, amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Waulize kama mama zao wanajua vile wanashinda." Askari mmoja akaniuliza, "Anasema nini huyu?" Nikamjibu, "Anasema karibuni, afande, ila anaomba msivunje vyungu." Wakacheka. Walimwaga pombe yote lakini mama hawakumchukua. Jirani aliyesikia alipomweleza mama nilivyosema, mama alinikaangia yai zima, langu peke yangu.

Tangu siku hiyo nikajua kwamba neno likipitia mdomoni mwangu naweza kulipunguza makali, na watu wakabaki salama. Nikafanya hivyo mara nyingi. Nilikuwa hodari.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Jumamosi, katika darasa la shule ya msingi. Tulipokuwa njiani, ndani ya pikapu ya shirika, mratibu aliniambia, "Leo hatutaki moto. Huyu mtu amekubali kwa shida sana. Akitukanwa leo, harudi, na hawa watu watabaki vile walikuwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Hakuwa mtu mbaya. Miaka michache nyuma alikuwa amepigwa rungu kwenye mkutano wa kudai mabadiliko, na sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii vizuri. Kwake yeye, askari na raia kuketi chini ya paa moja bila mtu kukimbia ni jambo ambalo hakutarajia kuliona akiwa hai. Alilibeba kama mtu anavyobeba trei ya mayai.

Watu wazima walikuwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Ubaoni kulikuwa na hesabu za sehemu ambazo hakuna aliyezifuta. Mkuu wa kituo aliketi mbele, kofia mapajani, na kando yake, karibu na dirisha, aliketi sajini wake, mwanamume mnene mwenye mwanya, aliyekuwa amekaa kituo kile miaka mingi kuliko askari yeyote. Kila mtu alimjua. Alinunua mboga kwa Kiswahili, akasalimia kwa Kiswahili, akakamata kwa Kiswahili.

Mkuu wa kituo alipofungua mdomo niliona aibu ya Kiswahili changu. Chake kilikuwa laini, kila neno limevaa nguo zake. Alisema amekuja kusikiliza, na kwamba kituo ni cha wananchi. Niligeuza maneno yake kwa Kikamba, watu wakapiga makofi ya heshima. Mzee mmoja akauliza habari za wezi wa mbuzi. Mwingine akauliza taa ya sokoni. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao, nikihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

Ndipo mama mmoja akasimama nyuma. Alikuwa na miaka kama sitini na kitu, mwembamba, leso imefungwa kiunoni kwa fundo kubwa. Hakunitazama mimi hata kidogo. Alimtazama mkuu wa kituo na kusema naye moja kwa moja kwa Kikamba, kana kwamba mimi ni dirisha tu.

Alisema hivi: "Nimekuja kwa sababu nimeambiwa mkubwa anasikia. Kijana wangu hubeba watu kwa baiskeli. Baiskeli ilichukuliwa ikapelekwa kituoni, akaenda kuiulizia. Aliingia na mikono miwili. Akatoka na mmoja, huu mwingine hauinuki. Aliyempiga ni huyo hapo kwa dirisha, mwenye mwanya. Nimeenda mara tatu kuomba ile fomu ya daktari, ya kuonyesha mtu ameumizwa, na kila nikienda ni yeye yule nakuta kwa kaunta. Sasa nakuuliza wewe mkubwa: nimwombe nani?"

Nilimtazama sajini. Alikuwa akikagua kucha zake. Nilimtazama mratibu, naye akanitazama kwa macho yaliyojaa ile trei ya mayai. Mkuu wa kituo alisubiri, ameinamisha kichwa upande wangu kwa adabu.

"Mama anashukuru kwa kuja kwenu," nikasema. "Anasema kuna vijana hapa wamewahi kupata shida wakienda kituoni, na anaomba askari wawe na subira nao."

Yalitoka bila kukwama. Mkuu wa kituo akatikisa kichwa taratibu. "Mwambie mama nimemsikia," akasema. "Lakini subira ni ya pande zote mbili. Vijana nao wakija kituoni, waje na adabu. Wazazi watusaidie kuwafunza."

Na maneno hayo niliyatafsiri sawasawa, neno kwa neno, kwa Kikamba safi. Sikufikiri. Yalikuwa maneno mepesi, hayakuhitaji kupunguzwa chochote. Nilikuwa nimeshayamaliza nilipoelewa nilichokuwa nikimwambia mama yule.

Alimtazama mkuu wa kituo kwa muda mrefu. Kisha akaketi. Alikaza lile fundo la leso, ingawa halikuwa limelegea.

Mkutano uliisha kwa soda na mkate. Mratibu alinishika bega, akasema nimefanya kazi nzuri. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka chupa yangu wakati sajini aliponijia. Alisimama karibu sana. "Ni muvea," akasema, asante, kwa Kikamba chetu chenyewe, matamshi safi kama ya mtu aliyezaliwa Mwala. Halafu akaongeza, bado kwa Kikamba, "Unaijua kazi yako." Akatabasamu, mwanya ukaonekana, akaenda zake.

Kumbe miaka yote alikuwa akielewa kila kitu.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa. Jumapili nilifua nguo zilizokuwa safi. Jumatatu nilipanda ngazi za ofisi, nikashuka, nikapanda tena, mpaka mwenye duka la vitambaa akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa na ripoti ya kuchapa. Nilipofika kwenye sentensi ya "wananchi walitoa maoni yao kwa uwazi," nilitoka nje. Nilitembea hadi steji, nikatembea hadi hospitali, nikapita sokoni mara mbili na kila mara nikaulizwa nataka nini, na sikutaka kitu. Asante ya yule sajini ilinishika nguoni kama mbegu za kishonanguo. Laiti angenitisha. Watu wa kunitisha nilikuwa nimewazoea tangu nikiwa mdogo; wa kunishukuru sikuwa nimewaona.

Nilimwendea mratibu. Nilimweleza mama alichosema na mimi nilichosema, kana kwamba hakuwa ameyasikia yote mawili. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Ulifanya vizuri," akasema. "Kama ungesema yote siku ya kwanza, mkutano ungevunjika palepale. Imani inajengwa polepole, binti yangu."

"Lakini mwalimu, yule mama ametoka pale akiamini amesikika na ametukanwa."

"Tutamtafuta baadaye. Mkutano wa tatu, wa nne. Mambo yakishatulia."

"Na kijana wake?"

Alisugua lile sikio lake bovu, akavaa miwani, akaniuliza ripoti imefika wapi.

Jumatano niliomba ruhusa nikasema naenda kliniki. Nilipanda gari hadi soko la mwisho, kisha baiskeli, kisha miguu. Mto wa kule ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake walikuwa wamechimba visima vidogo juu ya bwawa la mchanga, ule ukuta unaozuia mchanga ushike maji, wakichota maji kwa kata huku punda wakingoja. Niliuliza nyumba ya mama mwenye kijana wa baiskeli. Wote waliijua, na wote waliniangalia miguuni, viatu vyangu vya ofisi.

Nilimkuta akianika mbaazi kwenye gunia mbele ya nyumba. Kijana wake alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mwanamume wa miaka ishirini na mitano hivi, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichopewa akishikilie. Nilimsalimu mama, nikamwita mwaitu, jinsi tunavyowaita wanawake wa umri wa mama zetu. Aliitikia. Hakunipa kiti.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia alichosema yeye, kisha nikamwambia nilichomwambia mkuu wa kituo, kwa Kiswahili kwanza kama nilivyokisema, halafu kwa Kikamba. Mkono wake uliendelea kueneza mbaazi, ukaenda polepole, ukasimama.

"Kwa hivyo hakunisikia," akasema.

"Hakukusikia, mwaitu."

"Yale ya adabu alikuwa anamwambia nani?"

"Alikuwa ananijibu mimi."

Kuku alikuja akadonoa mbaazi, wala hakumfukuza. "Siku nne," akasema. "Siku nne nimekaa hapa nikijua kuna mtu mkubwa amesikia habari ya mtoto wangu kwa masikio yake, akaniambia nikamfunze adabu. Mimi niliamka nikamtazama huyu, nikajiuliza kweli nilimlea aje. Unasikia? Nilimtafuta kosa mtoto wangu."

Nilianza kusema pole. Akanikatiza.

"Ulikuwa unaogopa nini? Wewe ulikuwa unarudi mjini. Mimi ndiye nabaki na yule mtu. Nilikuwa na uoga wangu wa kutosha, nikauweka chini nikasimama. Nani alikuambia uniongezee wako?"

Nilikuwa nimezoea kuyageuza maneno ya watu, na haya yalikuwa yangu, hayakuwa na mtu mwingine wa kupelekewa.

Ni kijana aliyesema kwanza. "Mama, wachana na hii maneno. Mkirudi huko tena, mimi ndiye watanifuata. Hawatakufuata wewe." Alisema hivyo bila kuinua macho. Alikuwa sahihi, na nilipomsikia nilihisi nimekuja kuleta hatari ya pili juu ya ile ya kwanza. Nilimwambia kwamba sikuja kumlazimisha mtu. Nikasema nitakwenda mwenyewe kukiri kosa langu bila kutaja jina la mtu yeyote.

"Bila jina utasema nini?" mama akauliza. "Utaenda kusema tena kuna vijana wamepata shida?"

Walibishana wao wawili mbele yangu kwa muda mrefu. Kijana alisema mkono utapona wenyewe. Mama akamwambia auinue. Hakuweza. Alijaribu, nikaona jasho likimtoka juu ya mdomo, na mkono ukafika kifuani ukaishia hapo. Baada ya hapo hakubisha tena. Alisema tu, "Kama mnaenda, naenda na nyinyi. Siwezi kukaa hapa nikingoja kusikia."

Mama akanigeukia. "Ijumaa. Na utasema neno kwa neno. Likiwa baya, liseme likiwa baya."

Hakunipa hata maji, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu.

Alhamisi nilimwambia mratibu ninakokwenda. Hakupaza sauti, hiyo haikuwa tabia yake. Alisema nitabomoa kazi ya miezi mitano kwa asubuhi moja. Alisema kama nitakwenda, nisiende kwa jina la shirika. Nilitoka ofisini nikijua huenda sina kazi.

Ijumaa tulikutana nje ya kituo saa mbili asubuhi, mama, kijana wake na mimi. Sajini ndiye aliyekuwa kwenye kaunta. Alitutazama mmoja mmoja, akamaliza kwangu.

"Mkubwa hayuko," akasema. "Ameenda kortini."

"Tutamngoja," nikasema.

"Ngojeni nje."

Kulikuwa na benchi ukutani. Mama aliketi akaweka kiondo miguuni, akatulia kabisa. Kijana aliketi kando yake, bega bovu upande wa ukuta. Mimi niliketi, nikasimama, nikaenda hadi langoni, nikarudi, nikaketi. Kila askari aliyepita nilidhani ni yeye. Mara mbili sajini alitoka mlangoni akasimama tu, bila kusema, akirusha funguo na kuzidaka. Mara ya pili alimwambia kijana kwa Kikamba, polepole, "Baiskeli yako bado iko huku nyuma. Ungekuja peke yako ningekupa." Kijana alitazama chini. Mama akamjibu kwa niaba yake, "Tumekuja kwa mkubwa."

Saa saba ikapita. Nilikuwa nikifikiria kuwaambia twendeni, tutarudi Jumatatu, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya upole ya kulisema hilo, wakati gari lilipoingia langoni na mkuu wa kituo akashuka akiwa na mafaili kwapani.

Alinitambua. "Ah, dada mkalimani! Karibuni, mbona mmekaa juani?"

Tuliingia ofisini kwake. Sajini akaingia nyuma yetu bila kuitwa, akasimama kando ya kabati.

"Afande," nikasema, "kwanza kuna kosa langu. Siku ile ya mkutano, huyu mama alisema maneno yake, na mimi nikakuambia mengine. Hakusema kuna vijana wamepata shida. Hakuomba subira. Niliyatoa kichwani mwangu kwa sababu niliogopa."

Alikuwa akitaka kuketi. Hakuketi. "Alisema nini?"

"Nimemleta aseme mwenyewe. Mimi nitafuata."

Mama akasema tena yale yale, kwa mpangilio ule ule, kana kwamba alikuwa ameyaweka mahali na sasa anayatoa. Safari hii sikusema "mama anasema." Nilisema "mimi." Mwanangu aliingia na mikono miwili. Aliyempiga ni huyu hapa. Nimekuja mara tatu kuomba fomu. Niliposema "huyu hapa" mkono wangu uliinuka wenyewe kama wa mama ulivyoinuka, na nikajikuta namwonyesha sajini kidole, mita mbili kutoka nilipo. Maneno yalikuwa mazima.

Mkuu wa kituo akamgeukia. "Sajini, ni kweli?"

"Afande, huyu kijana alileta fujo."

"Sikukuuliza habari ya fujo. Ulimpiga?"

"Afande, unajua hawa watu wa huku wakishaingiliwa na hawa wa mashirika..."

"Lete kitabu cha matukio."

Kililetwa. Alikipekua mwenyewe, kurasa za miezi miwili, kidole kikishuka mstari baada ya mstari. Hakukuwa na baiskeli iliyochukuliwa. Hakukuwa na kijana aliyekuja. Hakukuwa na mama aliyekuja mara tatu. Kwa kitabu kile, hakuna lolote lililokuwa limetokea. Alikaa nacho wazi mbele yake, na nadhani ni kurasa zile zilizomkasirisha kuliko maneno yetu. Alimwambia sajini atoke nje na amwachie funguo za kaunta mezani. Kisha akachukua kalamu, akaandika taarifa ya mama kwa mkono wake, akiniuliza kila sentensi mara mbili. Alipomaliza alifungua droo akatoa fomu ya P3, ile ya daktari, akaigonga muhuri.

Halafu akanitazama mimi, na ule ulaini wa Kiswahili chake haukuwepo tena. "Wewe ulinifanya nimvunjie heshima mama mtu mzima mbele za watu. Mimi nimelelewa na mama kama huyu. Unajua ulichonifanyia?"

"Najua, afande."

"Mwambie sikujua ninamjibu nini. Mwambie aniwie radhi, tafadhali."

Nilimwambia mama. "Mwambie nimesikia," akasema. "Kusamehe bado sijasema." Nikalipeleka hivyo hivyo. Mkuu wa kituo akatikisa kichwa, akasema ni haki yake.

Tulitoka na fomu na baiskeli. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda.

Mambo hayakuishia vizuri kama ambavyo ningependa kusimulia. Daktari wa hospitali kubwa ya Machakos aliijaza fomu, akasema mfupa wa bega uliunga vibaya. Sajini alihamishwa kwenda kaskazini, mbali, na wapo waliofurahi wakadhani ameadhibiwa, lakini kuhamishwa si kuadhibiwa, ni kupelekwa kwa watu wengine. Kesi ilitajwa mara kadhaa, ikaahirishwa, mwishowe faili likawa linatafutwa kila tukienda. Mkono wa kijana ulirudi hadi usawa wa bega, haukupita hapo. Aliuza ile baiskeli akaanza kuendesha mkokoteni wa punda, akipeleka maji.

Mratibu hakunifukuza. Wiki mbili hakusema nami zaidi ya salamu. Kisha akaja mezani kwangu akaniuliza, kwa ule upole wake, kama katika mikutano ya vijijini niliyoitafsiri kabla ya ule nilikuwa nimefanya hivyo pia. Nilisema ndiyo. Akaketi kwenye kiti cha wageni, akainamisha kichwa, na nikaona kwamba hasira ilikuwa imemtoka na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. "Na mimi ndiye niliyekuambia," akasema.

Mkutano uliofuata watu walikuwa wachache. Nilisimama mbele ya yale madawati nikawaeleza nilichofanya, kwa lugha zote mbili. Mzee mmoja aliondoka nikiwa bado nasema. Wengine wakakubaliana kwamba wao wenyewe wachague mtu wa kunisikiliza ninavyotafsiri, mwenye ruhusa ya kunikatiza. Walimchagua mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyekuwa amekaa soko lile tangu ujana, ambaye Kikamba chake kiliwashinda wengi wetu. Siku ya kwanza alinikatiza mara mbili. "Hapana, dada, hakusema 'anaomba.' Alisema 'anataka.'" Watu walicheka, mkuu wa kituo akacheka, na uso wangu ukawaka moto. Lakini kuanzia siku ile maswali yaliyokuja hayakuwa tena ya taa ya sokoni.

Watu walianza kwenda kituoni. Si wengi. Mama mmoja aliyeibiwa mbuzi wanne alikwenda kuripoti, askari wakafuata nyayo siku ile ile, wakapata wawili. Habari hiyo ilitembea kuliko ripoti zote nilizochapa. Wengine waliendelea kukaa mbali, na sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikiingia pale kaunta bado nilihisi miguu inataka kugeuka.

Kabla mwaka haujaisha, mkuu wa kituo akahamishwa. Hivyo ndivyo wanavyofanyiwa. Mtu akishajua njia za mahali, anapewa barua. Aliyekuja alikuwa kijana, mkavu, na alipokutana na mratibu aliuliza mikutano hii ni ya nini na nani aliiruhusu. Tulikuwa tumerudi tulikoanzia, au karibu na hapo.

Nilikwenda kumwambia yule mama. Nilimkuta akipepeta. Safari hii alinitolea kigoda, nami nikaketi, ingawa sikudumu. Muda mfupi baadaye nilikuwa nimesimama tena nikimpa habari huku nikitembea mbele yake. Nilimuuliza kama aliwahi kumwamini yule aliyeondoka.

"Siku ile alipoandika, nilimwamini," akasema. "Siku zingine nilikuwa nangoja kuona." Akapeperusha makapi. "Huyu mpya anajua Kikamba?"

"Hajui."

"Kitabu anaandika?"

"Bado sijui, mwaitu."

"Basi lazima twende atuone," akasema. "Asije akasikia habari zetu kwa wengine. Lini uko na nafasi?"

Nilimwambia kesho. Alisema kesho ni siku ya soko, hana nafasi. Tukapanga Alhamisi.